AHMAD BIN MAJID: Simba wa Bahari na Hesabu ya Mikondo

Ukimtajia mtu wa pwani jina la Ahmad bin Majid, mara nyingi atakujibu kwa jambo moja tu: kwamba ndiye aliyempeleka Vasco da Gama kutoka Malindi hata Bara Hindi mwaka 1498. Wengine hulitia jambo hilo chumvi wakasema kwamba Mreno alimlewesha, ndipo akaitoa siri ya bahari. Neno hili nimelisikia barazani tangu utotoni, na baadaye nikalisoma vitabuni, na kila nikizidi kulichungua naona limemdhulumu marehemu mara mbili. Kwanza, limemtwika mzigo ambao ushahidi wake ni dhaifu mno. Pili, limetusahaulisha kazi yake hasa, kazi ambayo wataalamu wa leo, wenye vyombo vizungukavyo angani na kompyuta zilizojaa majumba, wanaifanya kwa njia iliyo ndugu na yake.

Kwa hivyo leo nataka tumtazame upya mtu huyu, alikuwa nani, alijua nini, na ujuzi wake unatuhusu nini sisi tunaoishi kando ya maji haya haya aliyoyapima.

Ukoo wa maalimu

Jina lake ni Shihab al-Din Ahmad bin Majid. Alizaliwa Julfar, bandari ya kale iliyokuwa karibu na Ras al-Khaimah ya leo katika Ghuba, yapata miaka ya 1430. Hakuwa mtu aliyeokota elimu njiani. Babu yake alikuwa maalimu wa vyombo, na baba yake vile vile. Hapa yafaa nieleze kwamba maalimu wa baharini siye mwalimu wa chuoni, wala siye nahodha. Nahodha ndiye mwenye amri ya chombo na mali iliyomo. Maalimu ndiye ajuaye njia, na chombo kikishaiacha nchi kavu nyuma, roho za wote waliomo zimo katika hesabu zake.

Babu alikuwa bingwa wa Bahari ya Sham, bahari yenye miamba mingi na mahujaji wengi. Baba akaipokea elimu hiyo, akaijaribu kwa safari zake mwenyewe, akarekebisha palipokuwa na kasoro, kisha akatunga utenzi wa beti zaidi ya 1000 juu ya njia za bahari ile. Ahmad naye hakuupokea utenzi wa baba kama kitu kisichoguswa. Alisafiri kwa miaka ipatayo 40, akapima tena yale aliyoyapima baba, na alipoona tofauti aliiandika wazi. Hakufanya hivyo kwa kukosa adabu. Katika kazi ya bahari, kumheshimu mzee ni kuhakikisha kwamba neno lake halitamzamisha mjukuu wake.

Tabia hiyo ndiyo iliyomtenga na waandishi waliomtangulia. Walikuwapo mabingwa watatu wa zamani ambao mabaharia waliwaita simba wa bahari, nao ni Muhammad bin Shadhan, Sahl bin Aban na Layth bin Kahlan. Bin Majid aliwataja kwa heshima, lakini alisema bila ya kuficha kwamba hao walikusanya habari za wengine zaidi ya kusafiri wenyewe. Akajihesabu yeye kuwa wa nne baada yao. Majivuno hayo yalikuwa na msingi, kwani aliyoyaandika aliyapima.

Tungo zake ni nyingi, zapata 40, na nyingi ni za beti, kwa sababu shairi hukaa kichwani hata karatasi ikilowa. Mwaka 1462 alitunga utenzi mkubwa juu ya misingi ya elimu ya bahari. Aliandika utungo juu ya kuelekeza kibla. Kazi yake kuu, Kitab al-Fawa'id, aliimaliza mnamo mwaka 1490. Ina sura 12. Humo ameeleza nyota na manazili ya mwezi, dira, njia za pwani na njia za bahari kuu, visiwa vikubwa, Bukini na Unguja vikiwemo, na misimu ya kusafiri. Upo pia utungo wake wa njia ya kuja upande wetu hadi Sofala, uliohifadhiwa katika mji wa St Petersburg na kuchapishwa mwaka 1957 na mwanachuoni wa huko, T. A. Shumovsky.

Jinsi alivyojua alipo

Sasa tuingie katika kazi yenyewe. Maalimu akiwa katikati ya bahari hana mlima wala mnara. Anajua mambo mawili tu: wapi alipokuwa jana, na vipi amekwenda tangu hapo. Njia ya chombo aliisoma kwa dira yenye pande 32, kila upande ukiitwa kwa nyota inayochomoza au kutua hapo, kama vile machweo ya Kilimia. Mwendo aliupima kwa zamu. Neno hili tunalo mpaka leo, nalo kwa mabaharia lilikuwa na maana ya mwendo wa saa tatu, zamu nane kwa usiku na mchana. Kwa upande na zamu, maalimu alikisia kila siku chombo kimefika wapi.

Lakini makisio hayo yana adui, naye ni mkondo. Maji yanakwenda na chombo ndani yake, na aliyemo ndani hahisi kitu. Kosa la leo linaongezeka juu ya la jana, na la kesho juu ya la leo, hata baada ya siku kumi mtu anayedhani yuko mkabala wa bandari huenda yuko mkabala wa mwamba.

Ndiyo maana usiku ukiingia maalimu alishika kibao chenye uzi wa mafundo, akaunyoosha mkono, akapima urefu wa nyota ya Kaskazini, ambayo Waarabu huiita Jah, juu ya upeo wa bahari. Kipimo chake kilikuwa kidole. Kidole kimoja ni zaidi kidogo ya digrii moja na nusu, na mtu akienda kaskazini au kusini kwa kiasi cha kilomita 180 hivi nyota humpandia au humshukia kidole kimoja. Kadiri chombo kinavyoshuka kuja kwetu, Jah huzama, kwa hivyo njia ya Afrika ilihitaji nyota nyingine, kama zile mbili za Farkadani na zile za Na'sh. Bin Majid alikusanya vipimo vya bandari moja baada ya nyingine kwa nyota hizo.

Kipimo kikishapatikana, maalimu hakutupa makisio yake yote, wala hakukiamini kipimo kwa upofu. Upeo ukiwa na ukungu, au chombo kikienda mrama, mkono hutetemeka na kidole hukosea. Alilinganisha yote mawili, akampa kila shahidi uzito unaomstahili, akaisogeza hesabu yake kuelekea kwenye ukweli. Kesho yake alianza kukisia tena kutoka hapo. Aliongeza na dalili nyingine: rangi ya maji, ndege, mwani, na wale nyoka wa baharini waonekanao chombo kikaribiapo pwani ya Bara Hindi.

Elimu ya wakati

Elimu nyingine aliyoisisitiza ni ya misimu. Sisi sote twajua kaskazi na kusi, lakini kujua jina si kujua siku. Mwezi wa Hijria haufai kwa kazi hii, kwani hurudi nyuma kiasi cha siku 11 kila mwaka wa jua, na Ramadhani huweza kuangukia katika kusi au kaskazi. Bin Majid na wenzake walihesabu siku za safari kwa mwaka wa Nairuzi, ule ule ambao wazee wetu wa pwani waliuhesabu kwa miongo ya siku kumi kumi. Nilimdiriki mzee mmoja wa Mji wa Kale ambaye hakujua kusoma kalenda ya ukutani, lakini ukimwuliza mwongo wa ngapi hakukosa, na akikwambia usitoke, hutoki.

Aliyeondoka siku zake alifika kwa raha. Aliyechelewa alikuta bahari imefungwa, kwa kuwa katika Juni na Julai kusi huvuma kwa nguvu upande wa Arabuni na Hindi hata bandari nyingi za huko zikawa hazifikiki.

Shutuma ya mwaka 1498

Hapa ndipo tumrudie Vasco da Gama. Aliondoka Malindi tarehe 24 Aprili 1498, kusi ikianza, na akafika karibu na Calicut tarehe 20 Mei, siku zisizozidi 27. Aliyemwongoza aliujua msimu sawasawa. Lakini katika kurudi Wareno waliondoka visiwa vya pwani ya Hindi mapema Oktoba, kabla ya kaskazi kukomaa. Safari ile ile ikawala karibu miezi mitatu. Watu wao walikufa kwa kiseyeye, na waliobaki hawakutosha kuendesha merikebu zote, hata wakaichoma moto moja yao katika pwani yetu Januari 1499. Bahari ni ile ile na merikebu ni zile zile. Kilichotofautiana ni wakati.

Je, huyo maalimu wa kwenda alikuwa Bin Majid? Aliyemtaja kwa jina, pamoja na kisa cha ulevi, ni Qutb al-Din al-Nahrawali, mwanahistoria wa Maka aliyezaliwa mwaka 1511, yaani miaka 13 baada ya tukio lenyewe, naye aliandika alipokuwa mtu mzima. Waandishi wa Kireno wa karne hiyo ya 16, Castanheda na Barros, walisema maalimu huyo alikuwa mtu wa Gujarat. Barros alimwita Malemo Cana, na msomaji ataona mara moja kwamba Malemo si jina la mtu bali ni maalimu lililotamkwa na ulimi wa Kireno. Zaidi ya hayo, Bin Majid wakati huo alikuwa mzee wa miaka 60 na zaidi, mtu wa Ghuba na Uarabuni. Mwanachuoni wa Kifaransa Gabriel Ferrand, aliyefanya kazi kubwa ya kuzitoa tungo za Bin Majid kwa chapa mjini Paris katika miaka ya 1920, aliieneza habari ya al-Nahrawali, na kutoka hapo ikaingia katika vitabu vya shule. Wengi waliochunguza baadaye wameikataa.

Mimi naona hukumu yetu iwe hiyo hiyo. Kumwita Mwislamu mlevi na msaliti kwa ushahidi wa mtu ambaye hakuwapo ni jambo zito, na kufa kwake hakulifanyi jepesi. Utungo wake wa mwisho wenye tarehe ni wa mwaka 1500 hivi, na baada ya hapo sauti yake inanyamaza. Hawezi kujitetea. Sharti atetewe na wanaosoma.

Kibao cha angani

Na sasa nieleze lile nililolidokeza mwanzoni, kwamba kazi yake haijafa.

Wataalamu wa bahari wa siku hizi hutengeneza bahari ya hesabu ndani ya kompyuta, nao huiita modeli. Huigawa bahari nzima kwa matundu kama jarife, na kuteremka chini kwa tabaka. Kila tundu lina tarakimu zake: joto la maji, chumvi yake, mwendo wake na upande wake. Kisha kompyuta, kwa kanuni za maumbile, hukokotoa upepo ukivuma hivi na jua likiwaka hivi, maji yatakwenda wapi baada ya saa moja, baada ya siku, baada ya mwezi. Hayo ni makisio, sawa na zamu za maalimu. Na kama zile zamu, modeli ikiachwa peke yake hupotea. Kosa dogo la leo huwa kubwa kesho.

Zamani cha kuisahihishia kilikuwa meli tu. Kati ya miaka 1959 na 1965 mataifa yalishirikiana katika uchunguzi mkubwa wa Bahari ya Hindi kwa meli zipatazo 40, na kazi hiyo ilileta faida kubwa. Lakini meli huona pale ilipo, na siku iliyopo. Bahari yetu haingoji. Mkondo wa pwani ya Somalia hukimbia kwenda kaskazini wakati wa kusi, kwa nguvu za kushangaza, kisha kaskazi ikiingia hugeuka ukashuka kusini. Mikondo mikubwa ya dunia haina desturi hiyo ya kugeuka kabisa na msimu. Na kila kusi hutokea mbele ya Somalia duara kubwa la maji lenye upana wa mamia ya kilomita, linalozunguka kama kinu.

Mwaka 1978 Marekani ilirusha setilaiti iitwayo Seasat, ikafanya kazi siku 105 hivi tu kabla ya kuharibika, lakini ilionyesha kwamba jambo linawezekana. Tarehe 10 Agosti 1992 Marekani na Ufaransa zikarusha TOPEX/Poseidon, iliyozunguka kwenye urefu wa kilomita 1336 na kurudia njia zake kila baada ya siku kumi hivi, hata ilipostaafu mwanzoni mwa mwaka 2006. Tangu hapo warithi wake wamefuatana, mmoja akimpokea mwenziwe, wakiwamo Jason wa kwanza wa mwaka 2001 na Sentinel-6 ya mwaka 2020. Desemba 2022 ikarushwa nyingine, SWOT, isiyopima mstari mmoja tu bali ukanda wa upana wa kilomita 120.

Kazi yao ni nyepesi kueleza. Setilaiti hupiga mshindo wa rada chini, ukagonga uso wa bahari na kurudi. Kwa muda uliopita hujulikana uso wa maji uko umbali gani, na kipimo hicho hukosea kwa sentimita chache tu. Kwani bahari si tambarare kama tudhanivyo. Ina vilima na mabonde, na kwa kuwa dunia inazunguka, mikondo hupita kandokando ya vilima hivyo. Ukijua mwinuko, waweza kuusoma mkondo.

Lakini hapa kwetu pana jambo. Kanuni hiyo ya mwinuko na mkondo hudhoofika ukiukaribia mstari wa Ikweta, na juu ya Ikweta yenyewe haifanyi kazi. Pwani ya Kenya iko hapo hapo. Kwa hivyo kipimo cha angani peke yake hakitoshi kutuambia maji yaendako, na modeli peke yake nayo hupotea. Lazima zikutane. Kompyuta hukisia, setilaiti hupima, kisha hesabu hulinganishwa, kila shahidi akapewa uzito kwa kadiri ya uaminifu wake, na modeli ikasogezwa kuelekea kwenye ukweli kabla ya kuendelea. Ndiyo kazi ya maalimu na kibao chake, isipokuwa kibao sasa kiko juu na chatazama chini. Na kwa kuwa rada huona uso tu, yako pia maboya ya kuzama, karibu 4000 duniani, yanayoshuka hadi mita 2000 na kupanda tena kila siku kumi yakileta habari za joto na chumvi ya chini.

Faida yake ni nini kwetu

Huenda msomaji akauliza, mvuvi wa Shimoni au wa Lamu atapata nini katika hayo? Jibu ni kwamba mvua yetu hutoka baharini. Mwishoni mwa mwaka 2019 maji ya upande wetu wa Bahari ya Hindi yalipata joto kuliko kawaida, na ya upande wa Indonesia yakapoa, nasi tukapata mafuriko yaliyoua watu na kubomoa njia. Hali kama hiyo huonekana baharini kabla ya mawingu, maji yakiinuka huku na kushuka kule, na setilaiti huliona. Modeli iliyosahihishwa vyema humpa mkulima na mvuvi onyo la wiki kadhaa.

Wakati maharamia walipoitisha bahari ya Somalia, hasa kati ya 2008 na 2011, meli zilizokuwa zikipeleka habari za hewa na maji zilipungua katika eneo hilo, na kukawa na pengo. Angani hakuna haramia, lakini setilaiti nayo yataka kuhakikishwa na vipimo vya majini. Bila ya mtu wa chini hapana uhakika wa juu.

Hapo ndipo penye uchungu wangu. Kutoka majukwaa ya San Marco, katika ghuba ya Ungwana karibu na Malindi, Waitalia walirusha vyombo vya angani kati ya 1967 na 1988. Havikuwa vya kupima mikondo, lakini vilipaa mbele ya macho yetu. Mjini Mombasa tunayo Taasisi ya Utafiti wa Bahari na Uvuvi ya Kenya tangu mwaka 1979. Vipimo vingi vya setilaiti hutolewa bure kwa atakaye. Kilichobaki ni vijana wa pwani wenye hesabu. Mwaka 1498 aliyejua siku za bahari hii alikuwa mtu wa bahari hii, na mgeni alilazimika kumtafuta. Ikiwa kesho sisi ndio tutakaomtafuta mgeni atuambie maji yetu yanakwenda wapi, hatutakuwa na wa kumlaumu.

Bin Majid alipokea elimu kwa baba na babu, akaipima, akairekebisha, akaiandika ili anayekuja naye aipime. Ametuachia desturi hiyo zaidi ya vitabu. Mwenyezi Mungu amrehemu, na awajaalie watoto wetu moyo wa kushika kibao na kuhesabu wenyewe.